Hodi ya Tatu

Miaka miwili niliandika peke yangu,
chumba cha juu, Jadida, Wete,
chini yangu cherehani ya Bwana Mcha
ikitatarika mpaka isha.
Programu ya kuhesabu karafuu za wachumaji:
nani kachuma, kiasi gani, anadai nini,
maana yale madaftari ya wasimamizi, yakhe,
yakipata mvua huota deni upande mmoja.

Kisha nikasema: iwe huria.
Nikauweka msimbo nje, wote, hata aibu zake,
nikaandika juu: Mlango u wazi, kila mtu aingie.
Nikakaa kama aliyepika pilau ya harusi
akasahau kupeleka mialiko.

Miezi minne. Nzi tu.

Halafu hodi ya kwanza, kutoka Mtambwe,
kijana simjui, Shaame Faki, mstari mmoja:
"Dada, umeandika kilo. Huku mchumaji halipwi kwa kilo,
hulipwa kwa pishi."

Neno moja kwa neno moja.
Nilisoma, nikafunga.
Mimi niliyepita chuo, nifundishwe pishi?
Mama yangu kachumia pishi mpaka vidole vikawa vyeusi,
nami nikaiacha kwenye dawati la watu
kama mtu asahauvyo mwavuli.

Siku ya tano, hodi ya pili:
"Nimejaribu tena. Labda nilikosea pa kuweka."
Hakukosea. Nilikuwa natafuta maneno
ya kumkubalia bila ya kukubali.

Mnaijua adabu ya kwetu:
hodi ni tatu. Ya tatu ikikosa jibu
mtu hugeuka, havunji mlango, hasemi neno,
na wewe ndani unaendelea kujiita mkarimu.

Ya tatu ilikuja siku ya kumi na moja,
alama ya kuuliza, basi.
Nikaandika Karibu, nikafuta, nikaandika tena:
"Karibu. Umesema kweli, niliyekosea ni mimi.
Jina lako nimeliweka chini ya langu,
mstari wa pili."

Hapo ndipo nilipojua mlango wazi
si sawa na mtu kukaa kizingitini.
Nikaanza kuacha kazi ndogondogo makusudi,
kama mama awaachiavyo watoto ukoko wa wali:
kidogo, kitamu, mkono mfupi unafika.

Akaja Bi Time wa Konde, mwalimu mstaafu,
msimbo haujui, ila maelezo yangu yalimtia haya.
"Hiki Kiswahili cha nani?" Akayaandika upya yote
kwa wino, akayapiga picha, akayaleta.
Akaja Asaa na simu ya kioo kilichopasuka:
"Ikienda kwangu, itakwenda kwa yeyote."
Akaja Mkubwa wa Kangani, fundi, ulimi wembe.
Tulimwambia faragha, tukamwambia hadharani,
mara ya tatu tukamtoa.
Iliniuma. Hata leo kuna kona za msimbo
ambazo ni yeye tu angezinyoosha.

Na Shaame? Shaame alituharibia msimu.
Rekebisho lake la usiku wa kuamkia malipo
liliihesabu kila pishi mara mbili;
Gando nzima ililala tajiri,
ikaamka na mapakacha yaleyale.
Akaandika: "Najitoa."
Bi Time akamjibu kabla yangu:
"Aliyevunja sahani ndiye aliyekuwa akiosha. Kaa."
Tukakesha kuitengeneza, watu wanne, vijiji vinne,
mpaka adhana ya alfajiri ikatukuta
tunabishana juu ya nukta.

Juzi nachambua mchele, simu ikalia:
mgeni, jina silijui,
anauliza uzito wa makonyo unaandikwa wapi.
Nikafuta mikono kwenye kanga, nikakimbilia kujibu.
Nikakuta kashajibiwa.
Mtu mwingine, naye simjui,
kamwambia Karibu, kamwonyesha mstari,
kamwachia na kazi ndogo ya kuanzia.

Nikasimama pale, chuya kiganjani,
nimechelewa tena kama desturi yangu,
na mlangoni hakuna aliyegeuka.